Moja kwa Nane hadi Kuresoi

Mimi ni mtu wa kochi. Majirani zangu hapa Nakuru wakiniona nimevaa viatu huuliza ni nani amefariki. Kwa hivyo dadangu mdogo aliponipigia simu kusema watu wa mchumba wake wangekuja nyumbani kwetu Kuresoi Jumamosi, nilifurahi sana, nikiwa nimelala. Kisha akanikumbusha: baba hayuko tena, kwa hivyo kwa desturi mimi ndiye wa kuwafungulia geti. Nisipofika, wageni wangesimama nje na zawadi zao, naye angeaibika mbele ya wakwe.

Hapo nikakumbuka mada ya pekee niliyoelewa kidato cha nne. Matukio yasipotegemeana, unachukua uwezekano wa kila moja, unazidisha.

"Sikiza," nikamwambia. "Mvua ikose, nusu. Gari yangu iwake, nusu. Barabara ya huko ipitike, nusu. Ukizidisha zote unapata moja kwa nane. Si mimi nakataa, ni hesabu."

Nikasikia kisu chake kikimenya viazi.

"Brathe, hiyo gari hukataa kuwaka lini?"

"Kukinyesha."

"Na barabara huharibika lini?"

"Kukinyesha."

"Sasa hayo ni mambo matatu, ama ni mvua moja umeihesabu mara tatu? Nafasi yako ni nusu. Na ukitoka Ijumaa kabla haijanyesha, utafika tu. Mwalimu wako alipoteza chaki bure."

Ijumaa jua liliwaka vizuri, likaliangukia kochi langu vizuri zaidi. Nikatoka Jumamosi. Mvua ilininyeshea kuanzia Molo, na kwenye mlima wa mwisho gari ikazama kwenye tope. Mbele yangu van nyeupe ilikuwa imezama zaidi, na mzee mwenye suti alikuwa akiisukuma.

"Boss, saidia huku!"

Nikasaidia. Nilipopata pumzi nikamuuliza, "Mnaenda wapi, mzee?"

"Kwa wakwe. Tumechelewa vibaya, sijui kama watatufungulia. Na wewe?"

"Mimi ndiye wa kuwafungulia."

Alinitazama kuanzia viatu hadi nywele, akacheka mpaka akashika van.

Tulisukumana hadi magari yote mawili yakatoka, tukafika pamoja, sote rangi moja ya tope. Dadangu alikuwa amesimama ndani ya geti na mwavuli, macho mekundu.

"Nilidhani hamtakuja," akasema. "Wewe na wao, wote."

"Ni mvua ile ile," nikamwambia.

Akacheka, akapangusa macho, akanipitishia ufunguo kati ya vyuma.