Mzizi Niliouacha katika Taya la Shefu wa Stesheni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika chumba cha meno cha hospitali hapa Kalemie, sikugusa jino hata moja. Docta Dentiste, daktari wa meno na mkubwa wangu wa kwanza, alinipa sinia la vyuma akataka nivitaje: davie, yaani koleo la kung'olea, elevateri, kichuma bapa cha kulegeza jino kabla ya kulivuta, kireti, kijiko kidogo cha kukwangulia shimo. Nilivitaja vyote bila kukosea. Hakunisifu.

"Mama Feza, majina unayajua," alisema. "Sasa ujue na hili. Siku moja utavunja mzizi. Kila muntu wa kazi hii anavunja. Siku hiyo usimufiche mugonjwa."

"Ndiyo, Docta," nilijibu upesi upesi, kana kwamba jambo hilo lisingeweza kunipata. Nilikuwa nimevaa bluzi nyeupe, koti la hospitali, kwa mara ya kwanza, na roho ilikuwa inaruka.

Baadaye nilifanya kazi Kabalo, nikang'oa meno ya wapakizi wa bandari ya mto. Nikapelekwa Manono, ambako wachimbaji walifika kwa pikipiki, shavu limefungwa kitambaa, wakitaka kurudi shimoni siku ile ile. Kazi ilinipendeza mno! Jino likitoka zima na mizizi yake yote, nililiinua kwenye mwanga kama mtu aliyevua sangala.

Kisha Medsen Shefu wa Zone, daktari anayesimamia vituo vyote vya afya vya eneo, akanituma Nyunzu. "Kule utakuwa peke yako," alinionya. "Na hakuna radio." Radio kwetu ni mashine ya kupiga picha ya mifupa.

Huko ndiko alikonijia Papa Kabamba, shefu, yaani mkuu, wa stesheni ya treni, mtu mrefu mwenye sauti iliyosikika toka behewa la kwanza hadi la mwisho. Alikuwa na jino bovu la nyuma, chini, upande wa kushoto. Nilidunga sindano ya ganzi, nikavuta. Krak! Sote wawili tulisikia. Mzizi mmoja ulitoka, wa pili ukabaki. Niliutafuta kwa kireti, damu ikajaa, na nje foleni ilikuwa ndefu.

"Imeisha, Papa Shefu," nikamwambia. "Uma pamba hii."

Alinitazama kidogo, akaenda zake.

Wiki nyingi baadaye alirudi na mke wake, Mama Zawadi, aliyenikaribisha chakula kwao tangu nifike Nyunzu. Shavu lilikuwa limevimba, homa imempanda, taya limebana hata kidole kimoja hakipiti katikati ya meno. Chini ya kidevu palikuwa na tundu linalotoa usaha. Nilijua papo hapo: osteomielite, maambukizi yaliyoingia ndani ya mfupa wenyewe. Vidonge vya kituo changu visingeweza kitu.

"Ndugu zake wanasema amerogwa," Mama Zawadi aliniambia. "Kuna muntu anataka kiti chake. Kesho tunamupeleka kwa muombaji wa kuondoa uchawi, mbali."

Nilifunga mlango.

"Hakuna aliyemuroga, Mama. Njo mimi, mimi mwenyewe. Nilivunja mzizi, nikanyamaza."

"Weye?" Alisimama. "Weye uliyekula mezani kwangu?"

"Ndiyo, Mama. Mimi. Nisamehe, lakini tusipoteze hata siku moja. Twende Kalemie."

Papa Kabamba akasema kupitia meno yaliyobana: "Nilisikia likivunjika. Nikangojea useme." Kisha akaashiria apewe kalamu. Nilidhani anataka kuandika barua ya kunishitaki. Aliandika amri ya safari: mvua ilikuwa imekula udongo chini ya reli, treni nzito hazikuruhusiwa, basi itoke draisini, kile kigari kidogo cha kukagulia njia.

Asubuhi tuliondoka: dereva, mgonjwa aliyelazwa kwenye godoro, mke wake na mimi. Upepo unapiga usoni, majani ya pande zote mbili yanatuchapa mikono! Palipobonyea tulishuka, tukasukuma kwa mabega, Mama Zawadi na mimi bega kwa bega, ingawa alikuwa hajanisemesha tangu jana yake. Mara ya tatu ya kusukuma, matope yakamvua kiatu. Nilikizamia kwa mikono miwili nikamrudishia. Akacheka bila kutaka, na mimi nikacheka. Jua lilikuwa bado halijazama tulipoliona ziwa la Kalemie, na nikapiga kelele kama mtoto.

Hospitalini, Docta Mpasuaji alitupeleka radio moja kwa moja. Aliinua picha dirishani: kipande cheupe katikati ya doa jeusi, na kando yake mzizi wangu.

"Hii ni sekestri," alisema, "mfupa uliokufa ndani ya mfupa hai. Damu haifiki humo, kwa hiyo dawa nayo haifiki. Nitatoa usaha leo, tutamudunga dawa wiki kadhaa mpaka kipande hicho kijitenge vizuri, halafu nitakitoa. Nani aling'oa jino hili?"

"Mimi, Docta."

Akaishusha picha. "Basi hutarudi Nyunzu kwanza. Siku ya kupasua utasimama mbele yangu."

Na nilisimama. Alifungua ufizi kwa ndani, akashika kwa koleo, akavuta polepole. Kikatoka! Kipande kikubwa kama punje ya haragwe, chakavu, chenye harufu, na mzizi umenata ubavuni. Akaendelea kukwangua mfupa taratibu. Ghafla shimo likajaa wekundu.

"Damu!" akapaza sauti. "Unaona, Mama Feza? Damu! Mfupa uko muzima!"

Maisha yangu yote nilikuwa nikiogopa damu inayojaa kwenye shimo la jino. Siku ile nililia kwa furaha kwa kuiona.

Taya lilifunguka kidole kimoja, baadaye viwili, baadaye vitatu. Siku alipoweza kutafuna, Mama Zawadi alipika bukari, ugali wetu, na ndagala, dagaa wa ziwani, akaniwekea na mimi sahani yangu. Papa Kabamba alimeza tonge la kwanza, akaita jina langu kwa sauti ile ya stesheni hadi wagonjwa wa chumba cha pili wakaja kuchungulia.

Sasa nimestaafu. Siku ya kuniaga, wauguzi wa meno wa zone nzima walikusanyika, nikaombwa niwape mawaidha. Sikuwa na mawaidha. Niliwasimulia haya, nikataja jino, upande, na lile neno "imeisha" nililolisema nikijua ni uongo. Aliyekuwa anataka kufungua chupa akairudisha mezani. Nilifikiri nimeiharibu sherehe yangu mwenyewe.

Ndipo muuguzi mmoja wa Kabalo akasimama. "Mimi pia," alisema, "na mugonjwa wangu hajui." Akafuata wa Manono. Akafuata mwingine aliyekuwa ameketi karibu yangu. Medsen Shefu akaitoa kalamu mfukoni, akaanza kuandika majina ya wagonjwa, na vinywaji vikabaki bila kufunguliwa hadi mchana.

Kabla juma halijaisha, wagonjwa watatu walikuwa wameitwa warudi, wapigwe radio.