Wananiita Wakili, na Mimi Ndiye Niliyeng'oa Mpaka wa Jirani

Admin, tafadhali ficha jina langu na la shule yangu, kwa sababu watu wa kwetu wanasoma ukurasa huu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, niko kidato cha nne katika shule ya kutwa hapa Thika. Naishi mtaa wa Landless na mama yangu. Si mtu wa maneno mengi. Darasani nikiulizwa swali najibu nikiangalia dawati. Lakini napenda vitabu, na nyumbani waliamua zamani kwamba nitasomea sheria. Cucu, nyanya yangu anayeishi Gatuanyaga, haniiti tena kwa jina langu. Ananiita wakili.

Muhula wa kwanza, mwalimu wetu wa Kiingereza aliniambia kuna chuo kikuu upande wa Ruiru kinachotafuta wanafunzi wa kidato cha nne wa kuwafadhili wasomee sheria. Unaandika insha ukieleza kwa nini unataka kuwa wakili, ukichaguliwa unaitwa kwa mahojiano, na ukipita nafasi yako inakungoja hadi matokeo ya mtihani yatoke. Niliandika kuhusu shamba la Cucu. Nilieleza jinsi jirani, mjane nitakayemwita Mama Wangari, alivyosogeza mpaka na kumeza ardhi ya mwanamke mzee asiye na wa kumtetea. Ndivyo nilivyoambiwa na Ankol, kaka wa mama, ambaye ndiye hulima hilo shamba. Sikuwahi kumuuliza Mama Wangari mwenyewe. Insha yangu ilichaguliwa.

Mchungaji wa Cucu aliposikia, akaomba niisome kanisani siku ya vijana. Sikutaja jina la mtu, lakini huko kila mtu anajua mbuzi wa kila mtu. Nikisoma niliona vichwa vikigeuka kuelekea benchi la nyuma. Mama Wangari alikuwa ameketi hapo. Nilipomaliza alipiga makofi kama wengine. Tangu siku hiyo, wanawake waliokuwa wakinunua maziwa kwake walianza kununua kwingine.

Likizo ya Aprili nilienda kwa Cucu. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Nikikata nepia, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, nilikuta matoka katikati ya nepia yetu. Matoka ni yale maua ambayo Wakikuyu wa zamani walipanda kuonyesha mpaka, na kuyang'oa ulikuwa mwiko. Kiazi chake hukaa chini sana. Unaweza kulima juu yake miaka mingi, ikija mvua kinachipua. Yalikuwa yamejipanga kwa mstari ulionyooka, mbali kabisa na uzio ambao sisi tunauita mpaka. Nilisimama na panga mkononi nikaelewa. Si Mama Wangari aliyeingia kwetu. Ni sisi tulioingia kwake.

Nilimwita Ankol nikidhani atashtuka. Hakushtuka. Aliangalia kwanza kama kuna mtu barabarani, kisha akaniletea jembe. Alisema wazee wa chifu watakuja kukagua mpaka shule zikifunguliwa, kwa hivyo niyang'oe yote niyatupe kwa choo. Nilisema kwa sauti ndogo kwamba hiyo si haki. Akacheka.

"Kwani unataka kuwa wakili ama pasta?" akaniuliza. "Wewe ni wakili wetu sisi. Chimba."

Nikachimba. Hakunipiga, hakunishikia fimbo. Ni mimi tu sikuweza kumwambia mtu mzima hapana. Cucu alikuwa mlangoni akichagua maharagwe, akaona yote. Jioni aliniambia polepole, "Hayo yalipandwa na guka wako na mzee wa Mama Wangari, siku moja, wakisaidiana." Guka ni babu yangu, marehemu. Kisha akaniomba nimsogezee chumvi.

Kesho yake, nikielekea barabarani kurudi Landless, nilikutana na Mama Wangari amebeba mtungi wa maziwa ambayo hayakununuliwa. Nilitaka kupita nikiinamisha kichwa, lakini alisimama.

"Wakili, siku ile ulisoma vizuri," alisema. "Yule jirani nilijua ni mimi. Sikukasirika, ulisema ulivyoambiwa. Ukimaliza hiyo sheria nitakuja kwako. Mimi pia sina mtu wa kunisemea."

Akaninyooshea mkono. Nilimpa wangu nikiwa nimekunja vidole, kwa sababu kucha zangu bado zilikuwa na udongo wa mpaka wake.

Wazee wa chifu wanakuja Alhamisi. Mahojiano yangu ni Ijumaa, na mwalimu ameniambia nijiandae vizuri, kwa sababu wataniuliza zaidi kuhusu hiyo insha. Nilimweleza mama kila kitu. Alilia, kisha akaniambia, "Pita mahojiano kwanza. Ukweli hauozi." Namwelewa. Ndoa yake ilivunjika, na Ankol ndiye ataamua kama atapewa mahali pa kujenga kwao Gatuanyaga. Nikisema, mama atakosa kwao. Nikinyamaza, Mama Wangari atapoteza shamba kwa mikono yangu, na Ijumaa nitakaa mbele ya watu wazima niwaambie napenda haki.

Kuna jambo Ankol hajui. Matoka sikuyatupa kwa choo. Niliyafunga kwa sweta nikayabeba kwa begi la shule hadi Landless, na nakumbuka kila shimo lilipokuwa. Bado yamo begini, chini ya kitanda changu. Jana nilipofungua begi kutafuta kitabu, nilikuta yametoa majani mapya, bila udongo, bila maji, bila mtu kuyaambia.

Nyinyi mliopitia zaidi yangu, msinitukane, najitukana vya kutosha. Niambieni tu: kabla ya Alhamisi niyapeleke wapi?