Kiti cha Kiongozi Chasubiri Mwenyewe

Kengele ya asubuhi haijalia, lakini Mwalimu Katiba ameshafuta ubao mara mbili. Ubao ulikuwa safi tangu mwanzo.

Jina hilo alibandikwa na wanafunzi wake wa somo la uraia, naye amelizoea. Kila Ijumaa huweka kiti mbele ya darasa lake la wanafunzi sabini waliobanana kwenye madawati. Mwanafunzi mmoja hukikalia na kuwa kiongozi, wenzake humuuliza maswali. Sharti ni moja tu: aliye kitini haruhusiwi kumwambia mtu "nyamaza".

Balaa lilianzia hapo. Jumatatu, shule nzima ikiwa mstarini, msichana mmoja wa darasa lake alimuuliza mwalimu mkuu kwa nini vyoo vya wasichana havina milango. Mkuu akamwambia anyamaze.

"Mtoto akamjibu, tena kwa adabu zote, 'Samahani mwalimu, kiongozi haruhusiwi kusema hivyo,'" Mwalimu Katiba anamsimulia mwandishi wa habari hii. "Nilitamani ardhi inimeze. Halafu nikaona fahari. Halafu hofu ikarudi, na haijaondoka."

Mkuu hakufoka. Alimwita Mwalimu Katiba ofisini, akamtaka leo, Ijumaa, awaambie wanafunzi kwamba mambo yale ya kiti ni ya kujibia mtihani tu. Akikataa, atahamishiwa shule ya mbali. Na nyumbani yuko mama yake, aliyepooza upande mmoja, asiyekubali kulishwa na mtu mwingine.

"Jana nilimwambia mama nitasema tu, yaishe. Akaniuliza, 'Na yule mtoto, mwanangu, utamtazamaje?' Sikupata usingizi."

Kengele inalia. Wanafunzi wanaingia, leo bila kelele. Yule msichana anakwenda kukaa dawati la nyuma kabisa, ambalo si lake. Tangu Jumatatu hajanyoosha mkono. Mwalimu anamwona.

Anavuta kiti, anakipangusa vumbi kwa kiganja.

"Mwalimu, leo zamu ya nani?" anauliza kiranja.

"Nimemwomba mwalimu mkuu aje akikalie. Hajanijibu."

Darasa linanong'ona. Mpango wake, anamwambia mwandishi kando, ndio huo na hana mwingine. Mkuu akija, ataulizwa kwa heshima. Asipokuja, yeye hatatamka alichoagizwa, liwalo na liwe.

"Naogopa, nisikudanganye," anasema kwa sauti ya chini.

Mlango ameuacha wazi. Kiti bado kitupu, na kule nyuma mkono mmoja umeanza kunyanyuka.