Siku Leseni ya Studio "Iliibwa"

Msinicheke sana. Studio yetu ya Makongeni ilikuwa na kompyuta mbili: moja ya kurekodia, nyingine ya ofisini iliyobeba leseni ya programu za sauti. Ya ofisini ikizimwa, programu ndogo za kutia sauti mwangwi hazionekani kwa ile nyingine.

"Kamau, hiyo usiwahi kuzima," mdosi, mwenye studio, alinionya tangu siku ya kwanza.

Ijumaa jioni nilibaki mimi kufagia na kufunga studio. Jumamosi kwaya ya Ngoliba ikafika. Nikafungua orodha ya programu: tupu! Jasho likanitoka. Nikafuta, nikaweka upya, nikakagua waya. Wapi! Kwa kuogopa kufutwa kazi, nikamwambia mdosi, "Mzee, nafikiri leseni imeibwa."

Akabadilika rangi. Akafunga mlango kwa kufuli.

"Hakuna mtu anatoka mpaka polisi wafike!"

Mama mmoja wa sauti ya kwanza akaanza kulia.

Mdosi akaingia ofisini, sisi nyuma yake. Kompyuta ilikuwa imezimwa, imefunikwa vizuri na kitambaa, vile watu hufunika redio nyumbani isiingie vumbi. Akakiinua, akaisomea kwaya maneno yaliyodariziwa na mama yangu: "Mungu Ambariki Kamau Kazini."