Mtamba Aliyelamba Koti

Watu wa shamba letu walimwita Mkunga, na jina hilo halikuanza kama jina la heshima. Lilianzishwa na madereva wa trekta, ambao hawakuelewa ni kwa nini mwanamume mwenye mabega mapana kama mlango alikubali kushinda katika zizi la uzazi, mikono imelowa hadi viwikoni, akiwabembeleza ng'ombe kwa maneno ambayo wao hawakuwa wamewaambia wake zao tangu siku ya posa. Nilipoajiriwa kuwa msaidizi wake, nikiwa na cheti cha ufugaji cha miaka miwili, kejeli ilikwisha kuchakaa na kubaki jina tu. Hata meneja aliliandika hivyo kwenye ratiba ya zamu.

Alikuwa na taratibu zake. Kabla ya kuingia zizini alikata kucha, akanawa kwa sabuni mara mbili, kisha akavaa koti zito la rangi ya udongo ambalo halikuruhusiwa kuingia nyumbani mwake. Mkewe, aliyekuwa mpishi wa wafanyakazi, alilipigilia msumari wake nje ya mlango wa jikoni.

"Likivuka kizingiti hiki," alimwambia mumewe mbele yetu sote, "na mimi navuka, naenda kwetu."

"Nenda ukawasalimie," Mkunga akamjibu. "Ila uache chai imechemka."

Ng'ombe wetu walikuwa wa nyama. Ng'ombe wa namna hiyo hakamuliwi. Kazi yake ni kuzaa ndama na kumlea mpaka anenepe. Kwa sababu hiyo shamba lilikuwa na sheria moja isiyo na huruma: mtamba akimkataa ndama wake wa kwanza, hapewi nafasi ya pili. Lori la machinjioni lilikuja kila Alhamisi.

Mwaka ule kulikuwa na mtamba mmoja ambaye Mkunga hakutaka hata kufikiria kumwona juu ya lori hilo. Mama yake alikufa saa chache baada ya kumzaa, na Mkunga akamlea mwenyewe kwa chupa, katika kona ya stoo ya nyasi kavu, mara nne kwa siku kwa muda wa miezi mitatu. Ndipo alipopata jina la Chupa. Alipokua alipelekwa kundini na wenzake, lakini kila Mkunga alipopita kando ya uzio, Chupa aliacha malisho na kumfuata hatua kwa hatua mpaka waya ulipokomea.

"Mke mwenzangu huyo," mpishi alikuwa akisema. "Afadhali yeye ana pembe. Mimi nimeota mvi tu."

Uchungu wa Chupa ulianza Jumatatu alfajiri. Mfuko wa maji ya uzazi ulipopasuka, kwato mbili ndogo zilichungulia, zikarudi, zikachungulia tena. Kanuni inasema mtamba aachwe walau saa nzima ajaribu mwenyewe, kwa kuwa njia yake haijawahi kupitiwa. Mkunga aliifahamu kanuni hiyo kabla mimi sijazaliwa. Nimemwona akiketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa saa nzima pasipo kuinua kidole. Lakini Chupa aliguna mara moja tu, akageuza kichwa kumtafuta, na dakika ishirini hazijatimia Mkunga alikuwa amepiga magoti nyuma yake, anavuta.

Sikuthubutu kumkumbusha kanuni. Nilikuwa na miezi miwili tu kazini.

Ndama alitoka salama, dume, saa kumi na mbili na nusu. Mkunga alimkumbatia kifuani, akamsafisha pua, akambeba mpaka kwenye nyasi kavu. Alipoinuka, koti lake lilikuwa limelowa ute wa uzazi kuanzia kola hadi pindo.

Chupa akasimama. Ng'ombe aliyetoka kuzaa huongozwa na harufu ya ute ule. Ndiyo inayomwambia amlambe nani, na anayemlamba ndiye anayekuwa mwanawe. Chupa alinusa hewa, akampita ndama kana kwamba ni gunia lililoachwa njiani, akaja moja kwa moja kwa Mkunga na kuanza kumlamba mkono wa koti.

"Si mimi, mwanangu," Mkunga akanong'ona, akimsukuma shingo. "Mtoto yule pale. Mtazame."

Chupa akahamia kwenye mkono wa pili.

Ndama alijikongoja akasimama kwa miguu iliyokuwa ikigombana yenyewe kwa yenyewe. Akakitafuta kiwele. Chupa alishtuka kwa kuguswa na kitu asichokijua, akampiga teke la kifua. Ndama akaanguka, akainuka, akarudi, akapigwa tena.

Saa mbili meneja akapita.

"Vipi huyu?"

"Anasitasita kidogo," Mkunga akasema.

"Kidogo kiasi gani?"

Teke la tatu likajibu kwa niaba yake. Meneja alimtazama ndama aliyelala ubavu, kisha akamtazama Mkunga, na sauti yake ilipungua ukali.

"Mzee wangu, sheria unaijua."

"Naijua. Si mimi ndiye niliyeibandika ukutani?"

"Basi. Kufika Alhamisi asubuhi awe ananyonyesha. La sivyo, atapanda."

Meneja alipoondoka, Mkunga aliegemea nguzo. Ndama alipaswa kupata dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, ndani ya saa sita tangu azaliwe. Asipoyapata angekosa kinga ya mwili. Saa moja na nusu ilikwisha kupita.

"Niletee chupa, binti," akasema. "Nimkamue, nimnyweshe mwenyewe."

Sikwenda.

"Mzee, naomba niseme jambo."

"Sema, Bi Cheti."

"Chupa hajamkataa ndama. Hajamwona bado. Anakuona wewe."

"Chuoni ndiko walikokufundisha hayo?"

"Hapana, Mzee. Nimetazama tu. Ukisogea kulia, anageuka kulia. Ukikohoa, anaacha kula. Ndama amelia mara tano, hata hajageuka."

"Kwa hiyo mama ni mimi."

"Kwake yeye, ndiyo."

"Makubwa haya," akasema polepole. "Nimezaa binti mwenye kwato, na mjukuu nimeshapata, na mke wangu hana habari." Hakucheka. Aliitazama mikono yake kana kwamba ilikuwa imemfanyia hila. "Unataka nitoke."

"Hadi saa tano. Ikishindikana, tutamnywesha kwa chupa. Na koti uliache."

Alilivua. Alimfunika nalo ndama, upande uliolowa ukiwa juu, akaikunja kola isizibe pua. Kisha akatoka bila kugeuka nyuma. Katika miaka yote aliyofanya kazi pale hakuwa amewahi kumwacha mtamba kabla ndama hajanyonya.

Nilijificha nyuma ya marobota ya nyasi na kuchungulia kwenye upenyo. Chupa alisimama langoni akimwita Mkunga kwa sauti iliyonifanya nitamani kumrudisha. Aliita kwa muda wa dakika arobaini. Kisha koti likatikisika.

Akageuka. Alilinusa kwa mbali, akapuliza pua kwa nguvu, akarudi kinyumenyume. Akasogea tena, akalilamba. Kila alipolamba koti liliteleza kidogo, mpaka likachomoza sikio moja, limelowa na kusinyaa. Ulimi wake ukapita juu ya sikio hilo. Akasita. Akarudia. Ndama akalia kwa sauti nyembamba, na Chupa akamjibu kwa mngurumo wa chini, mdomo ukiwa umefumbwa, mngurumo ambao ng'ombe huutoa kwa ndama wake peke yake. Ndama alipokifikia kiwele, mguu wa nyuma uliinuka. Ulikaa hewani, kisha ukashuka taratibu hadi chini.

Nilipofika jikoni, Mkunga alikuwa ameketi mbele ya karai la vitunguu, kisu mkononi.

"Amemenya kimoja tangu aje," mpishi akanishtakia. "Kwa mwendo huu mtakula mwezi ujao."

"Amenyonya," nikasema.

Kisu kikawekwa chini. "Chuchu ngapi?"

"Mbili za mbele. Nimemwacha anaitafuta ya tatu."

"Alianza kumlamba wapi?"

"Sikioni."

"Na ile sauti, aliitoa?"

"Aliitoa."

"Ikoje?"

Alikuwa ameisikia kwa mamia ya ng'ombe, lakini hiyo moja alikuwa ameikosa, na hakuniondolea macho. Mimi si mtu wa kufanya vioja mbele za watu. Hata hivyo nilisimama mlangoni, nikafumba mdomo, nikanguruma. Mpishi akageukia sufuria zake, mabega yakimtikisika. Mkunga alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali, akachukua kitunguu cha pili.

Alhamisi asubuhi lori lilikwisha fika langoni meneja alipokuja kujihakikishia. Mkunga, ambaye kwa siku zote tatu hakuwa amekanyaga zizi lile, aliingia na kopo la dawa ya kitovu. Alifika katikati. Chupa aliinamisha kichwa, akakwaruza ardhi mara moja, akaja.

Sijapata kumwona mtu wa umri ule akiruka namna ile. Kopo lilikwenda huku, kofia kule, na yeye akajikuta juu ya ubao wa pili wa ua, akihema, huku pembe zikigonga nguzo chini ya viatu vyake. Ndama alikuwa nyuma ya mama yake, mdomo umejaa povu la maziwa.

"Huyu hapandi," meneja akasema, kicheko kilipompungua. "Lakini sasa nani ataingia amtie ndama dawa ya kitovu?"

"Asiingie mtu," Mkunga akasema kutoka juu ya ua. "Kimekauka vizuri. Nimekiona wakati naruka."

Akashuka kwa upande wa nje, akaenda kumfungulia dereva wa lori lango apite.