Halbadiri ya Mpunga Mwitu

Mlio wa mchele kwenye ungo mnaujua: ule mchakacho wa kupeta, kisha kimya kifupi mwanamke anapoinama kuchambua. Hapa kwangu Kibiti kimya hicho hurefuka kila ninapokutana na punje nyekundu katikati ya nyeupe. Wanangu hunicheka. "Mama kaona nyoka," husema. Mimi huiokota ile punje, nikaitupa nje kabisa, na moyo unakuwa umeshafika Salale, kwenye majaluba ya mpunga ya mama yangu, mwaka ule tulipokwenda kuvuna tukarudi na mabua.

Kwetu deltani mpunga hulimwa pembezoni mwa mikoko, mahali ambapo maji ya mto yakijaa huingia shambani bila kuitwa. Msimu ukifika tulihamia shamba na kuishi kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, ili tuwahi ndege asubuhi na nguruwe jioni. Nililipenda dungu letu, na harufu yake ya moshi na samaki wakavu, na upepo uliopenya kwenye fito za sakafu ukanitekenya mgongo. Mama aliwaambia watu nimezaliwa na mapenzi ya kilimo. Nilipenda kulala juu tu, kilimo kilinichosha.

Kazi iliyonichosha zaidi ilikuwa kupalilia, kwa sababu ya mpunga mwitu. Huo hauupandi, unaota wenyewe, na unafanana na mpunga wako kama watoto wa tumbo moja. Tofauti unaiona umechelewa: punje zake zina ndevu ndefu, ndani ni nyekundu, na zikikomaa tu zinapukutika zenyewe topeni kabla hujafika na kisu. Unakula shamba lako lote halafu haukuachii hata kibaba. Ukiwa mchanga ulikuwa na alama moja tu ya kuutambua. Chini kabisa, shina linapoingia kwenye tope, mpunga mwitu ulikuwa na wekundu. Mpunga wetu ulikuwa kijani kitupu. Bibi alimfundisha mama, mama akanifundisha mimi: panua majani, tazama chini, chekundu ng'oa.

Mama alikuwa fundi wa kazi hiyo, na alijijua. Alipita jalubani ameinama, mikono inakwenda upesi, na nyuma yake hukuti shina jekundu hata kwa dawa. Wanawake wa mashamba ya jirani walikuja kutazama. Mimi nilirithi macho yake, nikawa nasifiwa mbele za watu, na sifa zile nilizila kama halua.

Jaluba lililopakana na letu lilikuwa la Bi Tatu. Huyu ndiye aliyekuwa somo wa mama, yaani ndiye aliyemfunda alipokuwa mwari, akamfundisha mambo yote ya utu uzima ambayo mama mzazi huona haya kuyasema. Mwanamke wa pwani hamwinulii somo wake sauti. Mama alikuwa akifika mbele ya Bi Tatu anavua viatu, hata pale kwenye tope.

Bi Tatu macho yake yalikuwa mabovu. Wekundu wa shina hakuuona, kwa hiyo alipalilia nusu nusu, na sisi watoto tulimcheka chinichini. Alichofanya ni kungoja mpaka mpunga mwitu uchanue, ndevu zitokeze juu ya masuke mengine, hapo hata yeye aliziona. Basi alijikunja kanga, akaingia na kisu, akakata kila suke lenye ndevu. Jambo hilo liliwaudhi watu sana. Kwetu mpunga uliochanua haukanyagwi. Unaukalia dungu, unafukuza ndege, unamwomba Mungu, basi. Sisi tulipoona ndevu mbili tatu zimetuponyoka tuliziacha. Nani angevunja mwiko kwa ajili ya ndevu mbili tatu?

Kila mwaka zile mbili tatu ziliongezeka kidogo. Sasa naweza kusema hivyo. Wakati ule hakuna aliyeliona.

Nilikuwa na umri wa kama miaka kumi ulipofika mwaka wa mabua. Tulikuwa tumepalilia mpaka viuno vikagoma, na jaluba lilikuwa safi, hakuna chekundu. Ndevu zilipotokeza tuliziona kutoka dunguni, nyingi kuliko kawaida, lakini kuingia ilikuwa mwiko, wala hatukudhani zimefika nusu. Asubuhi ya kuvuna mama aliingia wa kwanza. Alishika suke, kabla kisu hakijagusa, punje zikamwagika zote majini. Akashika jingine. Zikamwagika. Nilimsikia akisema "Eh!" kisha "Eh! Eh!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtu mzima. Akakimbia huku na huku akishika masuke, na kila aliposhika palinyesha punje. Zaidi ya nusu ya jaluba lilikuwa mpunga mwitu. Aling'oa shina moja, akalisuuza, akatazama chini. Kijani kitupu. Hapakuwa na wekundu hata wa kubahatisha.

Nilianza kulia bila kujua ninalia nini. Chakula cha mwaka mzima kilikuwa kimelala topeni mbele ya macho yetu.

Majirani walijaa ukingoni. Mama aliapa kwamba mbegu yake huichagua suke kwa suke, uchafu hauwezi kutoka humo. Kwa hiyo kuna mtu kaja kummwagia mbegu mbaya. Tena si mpunga mwitu wa kawaida, ni wa kutengenezwa, mbona hauna wekundu? Ndipo mtu mmoja, wala simkumbuki nani, akageuka kulitazama jaluba la Bi Tatu. La mwanamke asiyejua kupalilia. Lilikuwa zima. Na mwanamke mwenyewe kila mwaka anaonekana akipitapita kwenye mpunga uliochanua, na kisu mkononi, peke yake.

Hakuna aliyemtaja. Mama pia hakumtaja. Alisema tu, "Mie namwachia Mungu. Nasoma Halbadiri."

Mnaokaa pwani mnajua neno hilo linavyogandisha mifupa. Ni kisomo cha kumshitaki kwa Mungu mtu aliyekudhulumu usiyemjua, na watu huamini kinamfuata popote alipo. Kwa kawaida kikitangazwa tu, kuku aliyeibwa hurudi bandani. Safari hii hakujitokeza mtu. Kisomo kikafanyika kwetu baada ya alasiri, walimu wakaketi mkekani, ubani ukajaa ua mzima. Bi Tatu alikuja. Alikaa kati ya wanawake, na kila ilipopaswa kuitikia "Amin" aliitikia kwa sauti kuliko wote. Nilimtazama kwa hofu mpaka shingo ikaniuma.

Kabla ya msimu mwingine Bi Tatu akapigwa na kiharusi. Upande mzima wa kulia ukafa, mdomo ukaenda pembeni. Binti yake alikuja kumchukua, akampeleka kwake Umwe. Boti ilipoondoka hakuna aliyekwenda kuaga. Mama alikaa ndani siku nzima, na nilipomuuliza alinijibu, "Mie sikumtaja mtu, Zuhura. Sikumtaja mtu."

Miaka ikapita, nikafaulu, nikaja sekondari Kibiti. Kidato cha nne mwalimu wa baiolojia akaanza somo la mabadiliko ya viumbe. Alikuwa kijana mchangamfu, akiona tumeduwaa kwa Kiingereza alirudi kwenye Kiswahili. Akatuambia tuwaze panzi kwenye nyasi za kijani, wengine wa kijani, wengine wa kahawia, kwa kuwa viumbe vya aina moja havizaliwi sawasawa. Ndege anapita, anakula anaowaona. Anawaona wa kahawia. Wa kijani wanabaki, wanazaa, na watoto wanarithi ukijani. Mwaka hadi mwaka wa kijani wanazidi. "Hakuna panzi aliyebadili rangi kwa kumwogopa ndege," akasema. "Panzi wa kijani walikuwepo tangu mwanzo, wachache. Na ndege hakukusudia kuwaongeza. Yeye alikuwa anakula tu."

Nikanyoosha kidole.

"Mwalimu, na kama anayewaondoa ni mtu? Kama anang'oa?"

"Ni yale yale," akasema. "Mkulima akichagua mbegu anajua anachagua. Lakini hata anapong'oa tu, anachagua watakaobaki."

Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa nimesimama jalubani, nimeinama nyuma ya mama, na mashina yanapita mikononi mwangu. Jekundu, ng'oa. Kijani, acha. Tangu bibi! Ile mipunga mwitu michache iliyozaliwa bila wekundu ndiyo tuliyoiacha ichanue na kupukutika, tukaipa nafasi ya wenzake wekundu, tena kwa bidii ya kusifiwa. Bi Tatu hakuona rangi, alikata ndevu zote. Kadiri mama alivyokuwa hodari ndivyo alivyoukuza ule mwitu wa kijani. Hakuna aliyemwagia mtu kitu. Niliomba ruhusa nikatoka nje.

Likizo ilipofika nilipanda boti Nyamisati kurudi Salale na maneno yamenijaa kifuani. Nilimweleza mama jioni ile ile, kwa panzi, kwa mashina, mara mbili. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakubisha, maana mkulima huyu hakuwa mjinga, na nilimwona akiirudia miaka kichwani. Kisha akaniuliza kwa upole ulionitisha:

"Basi mie nilimsomea nani?"

Asubuhi yake tukasafiri.

Umwe tulimkuta Bi Tatu kwenye kitanda cha kamba barazani, amekonda, anatuangalia kwa jicho moja zaidi ya lingine. Mama alivua viatu mbali kabisa, akatambaa kwa magoti. "Shikamoo, somo." Hakupata kuendelea. Bi Tatu alimshika kichwa kwa mkono wa kushoto, akaanza yeye, maneno yakiburuzika.

"Nisamehe mwanangu. Nimetafuta miaka yote hii nilikuwekea nini. Nadhani zilininasa kwenye kanga, zile ndevu, nikapita kwako kuja kukusalimu. Wallahi sikujua. Lakini kisomo kimenipata mie, basi ni mie."

Nimeona mengi tangu hapo, nimezika watu, lakini hakuna kilichonishtua kama maneno hayo. Mama alitoa ukelele. Nami, kwa utoto wangu, nikaona hii ndiyo nafasi yangu, nikamwaga panzi wangu wote mbele ya mgonjwa: kwamba hakuna aliyeweka, kwamba kanga yake haikuhusika, kwamba ni mikono yetu sisi tuliokuwa tukipalilia na hata sisi hatukukusudia. Nilidhani nampa habari njema.

Bi Tatu alinisikiliza. Kisha akauchukua mkono wake mfu kwa ule mzima, akauinua mpaka mbele ya uso wangu.

"Na huu, mjukuu wangu? Huu nao hakuna aliyekusudia?"

Mtihani wa baiolojia niliufanya vizuri. Swali hilo sikuwahi kuulizwa humo. Ilinichukua mpaka nami nikawa na watoto kuelewa kwamba siku ile nilimwondolea bibi yule kosa lake, na pamoja nalo nikamwondolea sababu. Alikuwa amejilaza juu ya hatia hiyo miaka mingi, ikawa angalau inamweleza kwa nini yuko vile. Mimi nikaja na elimu ya kweli kabisa, ambayo mpaka leo siwezi kuikana, nikamwacha na mkono uliokufa tu, bila mtu wa kumlaumu.

Mama alielewa kabla yangu. Aliomba mafuta ya nazi, akaupakata ule mkono mapajani na kuanza kuukanda kidole kwa kidole. Msimu ule hakupanda. Alibaki Umwe akimlisha na kumwogesha, mpaka tulipomzika.