Moshi wa Maganda ya Kahawa

Ipo siku moja ya Mbale ambayo hainitoki moyoni, mwanangu, na nimeikumbuka tena uliponieleza kuwa likizo hii unakwenda nchi ya watu kutafiti taka za viwandani. Mimi nami niliwahi kutumwa hivyo. Nilikuwa msichana wa chuo kutoka Morogoro, sijawahi kuvuka mpaka, nikapelekwa mashariki ya Uganda likizo nzima kuangalia watu wanavyotumia mabaki ya viwanda.

Nilianzia Jinja, nikapanga chumba mtaa wa Mpumudde, kisha nikahamia Mbale kwa Hajati Zubeda, mjane mfanyabiashara. Kiwanda cha kukoboa kahawa kilikuwa kikitupa maganda hadi yakawa kilima. Yeye na wanawake wenzake waliyachukua, wakayachanganya na uji wa muhogo, wakafinyanga vitonge vya kupikia badala ya mkaa. Mtaa mzima ulimsifu. Alinipa kitanda nyumbani kwake, akanilisha matoke, akaniita binti yake.

Kazi yangu ilikuwa kupima moshi. Nikaweka kipimo jikoni kwake, nikarudia na kurudia. Mwanangu, moshi wa vile vitonge ulikuwa mbaya kuliko wa kuni mbichi. Katika jiko lisilo na dirisha ungeharibu vifua vya watu. Nilikosa raha kabisa. Utamwambiaje mtu anayekulisha kwamba kitu anachojivunia kinaumiza watu?

Aliniona nimeacha kula. "Wewe mutoto," akasema, "uso yako inaficha nini? Sema."

Nikasema yote, macho chini. Akajitanda mtandio wake vizuri. "Twende soko."

Kule alisimama mbele ya meza yake mwenyewe, akawaambia wateja: "Hii yangu mupikie inje tu. Ndani, hapana. Iko na moshi mbaya. Huyu binti amepima."

Mwenzake mmoja wa kikundi akamvuta mkono. "Hajati, unatuua! Watu watatucheka."

"Wacheke. Mimi nauza moto, siuzi kikohozi."

Akakusanya magunia ya vitonge yaliyobaki, akayarudisha nyumbani. Nilingoja kufukuzwa. Badala yake aliniuliza, "Sasa tutengeneze namna gani?"

Nikamweleza kuwa maganda yakichomwa kwanza katika chombo kilichozibwa, kwa hewa kidogo, moshi mwingi huishia huko huko, nayo hubaki meusi kama mkaa. Tukapanda gari hadi Jinja kwa Bwana Gurdeep, Kalasinga mwenye karakana ya vyuma niliyekuwa nimefahamiana naye. Akatukatia pipa kuukuu, akalichomelea bomba na kulitengenezea mfuniko. Tulipolijaribu mara ya kwanza tukapata jivu tupu. Tukarudia, jivu tena. Hajati akacheka, akajaza pipa upya, safari hii akaziba kingo za mfuniko kwa udongo ili hewa isiingie nyingi. Hatimaye maganda yakatoka meusi, tukayafinyanga, tukayakausha, tukapima. Moshi ulikuwa umepungua sana. Jiko nalo akalitoboa dirisha, maana nilimwambia hata mkaa mzuri unataka hewa. Wateja walirudi, tena wengine walisema wamerudi kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewaonya.

Nimekaa na wasomi wengi tangu hapo, na bado sijaona ujasiri kama wa mama yule.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Huko uendako utakula kwa watu na utawapenda. Usiwanyime ukweli kwa sababu ya mapenzi hayo. Waambie wao kwanza, kwa adabu, kabla hujakiambia chuo chako. Ukishawaambia usifungashe mizigo; baki, chafua mikono, mtafute njia pamoja. Na siku wewe utakapoambiwa kuwa kazi yako ina kasoro, usinune. Uliza kama alivyouliza Hajati, kisha uanze upya.

Mungu akutangulie njiani, akukutanishe na watu wema, akupe macho ya kuona na ulimi wa kusema kweli bila kuumiza. Uende salama, na uwaache wenyeji wako wakitamani urudi.